Kaburi Mpakani

Kisawasawa,
Jumapili.

Mdogo wangu Gasper,

Hujambo? Nauliza kweli, siyo desturi tu. Huko kambi ya wavuvi, bwawani Mtera, samaki wanapatikana? Kifua kimepona? Mimi mzima, mgongo tu unasumbua. Barua hii anakuletea Mbaruku, yule mchuuzi wa kijiji cha pili, anakuja huko kununua samaki.

Mvua imenyesha, mpunga umesimama. Walikuja wapima ardhi kuweka vigingi vya zege, huku hifadhi, huku kijiji. Mimi nilikuwa kibarua wao, nachimba mashimo. Siku moja nikaona kamba yao inaelekea shamba la baba. Nikamuuliza mpima kesho wanapita wapi. Akasema katikati.

Mimi na jirani Kelestini tukaenda kwa mwenyekiti. Akasema ardhi ni ya umma, sisi watumiaji tu. Kelestini akacheka, akamwambia huo umma uje na jembe tuuone, maana pori lile alifyeka baba yetu, serikali imekuja pori limeshaisha. Mwenyekiti akamuuliza, na tembo akiingia kwenye mpunga wako utamwita nani? Kelestini akatoka, nikamfuata. Tembo kweli wanaingia. Ila shamba ni la baba.

Njiani Kelestini akaniambia wale watu wanaogopa kitu kimoja tu, kaburi. Penye kaburi mstari unapinda. Sisi shambani hatuna. Wetu wote wako makaburi ya parokia, hata mke wangu Aurelia.

Kesho yake wapima wakakuta kaburi lina msalaba, udongo mbichi. Wakavua kofia. Mstari ukapinda. Kigingi nimekichimbia mimi mwenyewe, ng'ambo ya shamba. Wakaandika daftarini jina la marehemu. Shamba limepona.

Gasper, jina ni lako.

Nilitangaza umezama bwawani, mwili haukuonekana. Alfajiri tukazika mgomba, kama wazee walivyomzikia baba mdogo Viktor alipochukuliwa na mamba. Nikauvalisha lile shati lako la bluu. Watu walilia. Mama mdogo Agnella amenyoa nywele.

Mgomba ule ulikuwa mfupi, unaniishia kiunoni. Shimo nilichimba mimi, nalijua. Sasa tuta linarefuka. Nimelipima kwa mpini wa jembe mara tatu. Jana limefika urefu wako. Na simu yako haipatikani tangu alfajiri ile.

Nilimwendea mwenyekiti nikamwambia nimedanganya, afute jina. Akasema limeshakwenda wilayani. Serikali ikishaandika umekufa, uje mwenyewe ukatae.

Basi njoo. Ukionekana watarudisha mstari, najua. Wachukue.

Sikuletei salamu za mtu. Hapa wote walishakulilia. Mbaruku anarudi Alhamisi, mpe jibu kwa mkono wako. Andika sijambo tu, inatosha.

Mimi kaka yako,
Pantaleo