Ndizi Nilizowapikia Wajumbe wa Tawi

Ngara,
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hapo ulipokaa umeshaitikia marahaba kabla Mwalimu Hamisi hajamaliza kukusomea neno lenyewe. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa zahanati unajichua mwenyewe, au umemchua nayo mbuzi tena? Sisi huku wazima. Salma ameota meno manne na yote anayajaribia kwangu. Baba yake bado yuko na lori huko mbele, anapeleka chakula cha askari. Wiki iliyopita dereva mwenzake alituletea salamu kwamba yu mzima, ila amekonda sana. Dereva mwenyewe akaniambia hapo kwenye kukonda nisiamini.

Barua yako imefika. Umeniuliza, "Fedha inasomewaje miaka mitatu, wakati mimi nazishika tangu nilipoolewa na sikwenda shule?" Nilicheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wakageuka. Mama, digrii yenyewe ni ya biashara. Mwaka wa kwanza mnasoma wote pamoja, uhasibu, uchumi, hesabu, sheria za biashara na mambo ya siasa na maendeleo. Ukianguka hesabu, unafunga virago. Mbele ndiko unakoingia kwenye fedha hasa, mtu ajue kama kiwanda kitarudisha gharama zake kabla hata tofali la kwanza halijawekwa. Na likizo si likizo, unapelekwa kufanya kazi kwenye shirika la umma na kuandika ripoti. Lakini hayo ni masharti ya kutokea. Yaliyonitoa jasho ni ya kuingilia.

Mimi sina kidato cha sita, kwa hiyo napita mlango wa watu wazima waliokwisha kufanya kazi. Chuo kikuu wanataka cheti cha kidato cha nne, ninacho. Wanataka umri wa kuzidi miaka ishirini na mitano, ninao, na uchovu wa miaka hamsini. Barua ya mwajiri, mkuu wangu wa kazi aliiandika siku hiyohiyo, haraka mpaka nikaingiwa na wasiwasi. Ikabaki barua ya tawi la Chama ninapoishi, yenye muhuri, kuthibitisha kwamba mwenendo wangu ni mwema na nimeishi na wananchi nikishiriki kazi zao. Bila hiyo hawakuiti hata kwenye mtihani wa kuingilia. Zilibaki wiki nne fomu zifungwe, na ikinipita, nangoja mwaka mzima.

Nikaenda kwa katibu wa tawi, Mzee Bukuru.

"Wewe ndiye mke wa dereva, unayekaa nyumba ya Mama Stefania?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Miaka mingapi sasa?"

"Miwili na miezi mitatu."

"Mimi nakuona ukipita kwenda ofisini, na nakuona ukipita kurudi. Sasa niandike nini? Kwamba unapita vizuri?"

Akanipa Jumamosi tatu za shamba la kijiji. Baada ya hapo wajumbe waje nyumbani waone ninavyoishi, ndipo waandike.

Nikajisemea, mimi mtoto wa Singida, jembe si mgeni kwangu. Lakini Mama, kwetu ni tambarare. Huku shamba limesimama kama ukuta. Nikaanzia juu nikiteremka, Salma mgongoni. Wenzangu wote walianzia chini wakipanda, nyuso zimeelekea mlimani, na mimi nikawaona wajinga. Sikufika mbali. Udongo wote niliolima uliwamiminikia wao, na mimi nikaufuata kwa makalio. Salma alifurahi, akataka turudie.

"Mama Salma!" Mama Stefania akaniita kutoka chini. Huyu ndiye mwenye nyumba wangu, mjane, na ni mjumbe wa tawi pia. "Ukifika Burundi utusalimie!"

Jumamosi ya pili nikaanzia chini kama watu. Ya tatu nikamaliza mstari wangu pamoja nao, mgongo hauninyooki lakini moyo mweupe.

Siku ya wajumbe kufika, nilifua mapazia kwa sabuni ya Kabanga, ile inayovuka mpaka bila kuaga, maana duka la kijiji halijaona sabuni tangu vita vianze. Nikasema niwapikie chakula chao, waone kwamba nawaheshimu. Migomba ipo nyuma ya nyumba, na Mama Stefania alishaniambia zamani, "Ukitaka ndizi, kata." Sijawahi kukata. Mtu wa ofisi na mtoto mdogo, ugali ndio mwepesi. Nikachagua mkungu mnene kuliko yote, nikamenya, nikaunga na maharage. Harufu yake, Mama, ungehama Singida.

Wakaja watatu, Mzee Bukuru, Mama Stefania na balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mnene asiyesema. Mzee Bukuru alinusa pazia, akakohoa, akaamua hakunusa kitu. Wakanawa, wakala.

Balozi akatafuna, akaacha, akatafuna, akaacha, macho yamemtoka. Nikaonja na mimi. Ukakasi ulinikaza ulimi kama nimelamba gome la mti. Mzee Bukuru akameza kwa kazi, akaomba maji, akasema taratibu, "Mwanangu, ndizi hizi nimezinywa miaka arobaini. Leo ndiyo mara ya kwanza nazitafuna."

Zilikuwa ndizi za pombe! Kumbe huku kuna mgomba wa kupika, wa kuivisha na wa pombe, na mtoto wa darasa la kwanza anaitofautisha kwa macho. Mimi nisiyekunywa ningejulia wapi? Mama Stefania alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaangukia kwenye mchuzi.

Lakini Mzee Bukuru alifunga daftari lake. "Hapa ndipo penye tatizo. Wanataka tuseme umeishi na sisi. Mtu wa miaka miwili hajui ndizi ya pombe? Nikigonga muhuri, nimekidanganya Chama."

Mama, nilitaka kulia. Salma akanitangulia kulia, na hilo likanipa nguvu.

"Mzee, nisikilize na mimi. Alfajiri nachota maji, namwogesha mtoto, naenda ofisini, narudi kwa mtoto, naenda kuni. Sijaingia jikoni kwa mtu, nimekosa. Lakini miaka miwili hii, nani aliniambia karibu? Mnaniita mke wa serikali. Salma aliugua homa wiki nzima. Mlijua?"

Kisha Mama Stefania, ambaye sasa hakucheka tena, akasema, "Sikujua. Na tumetenganishwa na ukuta tu." Akamgeukia katibu. "Kama yeye hajaishi na sisi, basi na sisi hatujaishi naye. Andika yote."

Akaandika yote! Akanisomea: "Mwenendo wake ni mwema. Hajui ndizi, na aliwapikia wajumbe ndizi za pombe kwa kutojua, si kwa ubaya. Analima vizuri tangu alipoanza kuanzia chini. Akiulizwa hujibu, na asipoulizwa pia hujibu. Tawi lina kosa la kutomkaribisha. Tunamwombea nafasi." Akagonga muhuri, meza ikatikisika.

Nilimsihi atoe ndizi. Akasema ndizi zikitoka na muhuri unatoka. Nikaituma hivyohivyo, na siku nyingi kila nikiikumbuka nilikuwa najifunika khanga usoni.

Jumatano jibu limekuja. Nimeitwa kwenye mtihani, Mwanza, mwezi ujao, karatasi mbili kwa siku mbili. Habari ya ndizi hawakuigusa.

Najua utasema nisubiri Salma akue. Mama, nakuheshimu, lakini hapana. Nikisubiri akue, watakuja wadogo zake, na wao nitawasubiri. Nikifaulu nitakuomba ukae naye wakati wa masomo. Usimwambie Mwalimu aandike jibu leo ukiwa umekasirika. Lala kwanza.

Nisalimie mjomba Juma fundi baiskeli, shangazi Mwajuma muuza asali, na dada Asha, mwambie mtoto wake mpya nampenda hata kabla sijamwona.

Usihofu safari, sitakwenda peke yangu. Mama Stefania ameamua kunisindikiza, na ameshaazima viatu. Basi linalala Biharamulo, na dada yake anakaa huko, kwa hiyo pa kulala papo. Nilimweleza kwamba chumba cha mtihani hawaingizi mtoto. Akaniambia, "Nitakaa naye nje. Akitaka kunyonya nitagonga mlango. Hao waliotunga mtihani nao walinyonya."

Mwanao akupendaye,
Zaituni, mama yake Salma