Haikuwa Tego

Mashambani, mbele ya Goweko

Mume wangu, Baba Kabula,

Mwangaluka. Umeamkaje wewe, na mama ameamkaje, mguu wake umepoa? Kabula anakula, au bado anachambua dagaa na kuwaweka pembeni ya sahani? Sisi huku tunaamka. Hamisi ameota jino la pili na ananing'ata nalo, mgongo unaniuma kwa kuinama, lakini tunaamka.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako hapo nyumbani inashikwa na kila mtu, na mama akipokea anaweka sauti kubwa mpaka majirani wanaitikia. Ya leo si ya kuitikiwa na majirani. Mama Doto, yule ninayefunga naye tumbaku, anapanda treni kwenda Tabora kumwona dada yake. Nimemwomba afike mpaka Kwihara akupe mkononi. Soma ukiwa peke yako.

Wifi yangu Tatu amenitumia ujumbe wa sauti. Anasema, "Mama Kabula, kaka amerudi kutoka huko kwako hali vizuri, hasemi na mtu. Eti umemwekea tego, dawa ya kumuunguza mwanamume anayetoka nje. Wazee watakaa kikao wakuamue." Nilikuwa na ufito wa majani ya tumbaku begani, nikaushusha chini. Tego! Mimi ambaye hata paka akiiba dagaa nashindwa kumpiga? Tangu siku hiyo sikai nikatulia. Nafunga majani nayafungua tena. Naenda kuchochea moto wa bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, nakuta unawaka vizuri tu. Hata barua hii naianza, nainuka, narudi.

Nimerudi. Hamisi alikuwa anakula udongo.

Sasa ile Jumapili uliyokuja. Nilisikia kengele ya baiskeli nikajua ni wewe kabla sijakuona, moyo ukaruka kama wa msichana. Tukala, tukacheka, Mama Doto akambeba Hamisi akaondoka naye bila kuambiwa. Nami nilishakueleza kwenye simu, tena zaidi ya mara moja. Nilipasuliwa kumzaa huyu Hamisi, nesi akasema tumbo lipumzike. Sindano ya kuzuia mimba ilinitoa damu mpaka nikawa natembea nashika ukuta. Na yale ya mwanamke wa mnada wa Igunga uliniambia kwa mdomo wako mwenyewe. Nililia, lakini sikukufukuza. Ulipima damu mara moja, ukaambiwa urudi kupima tena, hujarudi. Kondomu ya kiume hutaki, inakubana. Nikasema haya, basi ya kike, nitavaa mimi, wewe usibanwe na chochote.

Ulipoiona ukasema, "Mama Kabula, hii ni kondomu au soksi ya ng'ombe?" Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nilivyoivaa ndivyo nilivyofundishwa zahanati. Ile pete ya ndani unaibana kwa vidole, unaisukuma mpaka inakaa mahali pake, na pete kubwa inabaki nje. Nilifanya hivyo hivyo. Halafu ukaja ule moto. Mimi niliungua kwanza, nikadhani ni ugeni wake, nikakaza meno. Ulipoungua wewe ukaruka kama umekanyaga siafu, ukakimbilia ndoo ya maji, ukanigeukia, "Umeniwekea nini wewe mwanamke?" Ukavaa suruali ukaondoka, ugali uliobaki ukapoa pale pale.

Jibu nimelipata juzi. Mvua ilikuwa imefunga, tunachuma mbio mbio. Hamisi akalia njaa, nikafuta mikono kwenye kitenge nikashika ziwa nimpe. Alipotia mdomoni tu akalitema, akapiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwake. Na mimi ziwa likaanza kuwaka. Baba Kabula, ulikuwa moto ule ule! Nikatazama mikono yangu. Myeusi, inanata, imejaa ile gundi ya tumbaku. Na Jumapili ile asubuhi nilitoka kuchuma. Niliposikia kengele yako nilinawa maji matupu, harakaharaka, nikaja kukupokea. Kwa mikono hiyo ndiyo nilifungua pakiti, na kwa vidole hivyo ndivyo nilijivalisha.

Nilipomwambia Mama Doto alianguka juu ya majani kwa kucheka. "Shoga, umemvutisha mwenzio tumbaku kwa njia isiyo yake!" Akanifundisha wanavyofanya wenyeji wa kazi hii: unasugua mikono kwa limau mpaka weusi uachie, halafu sabuni na maji mengi. Nikafanya hivyo, nikachukua mpya nikaivaa peke yangu, nikafua nayo, nikapika nayo. Haikuniwasha hata kidogo. Kwa hiyo haikuwa tego wala sumu.

Pole kwa maumivu, mume wangu. Pole kweli. Ningekuwa nakuona ningekushika kichwa.

Lakini nisikilize. Majani yanaelekea kwisha na mimi nataka kurudi nyumbani, natamani hata harufu ya shati lako, maana hapa kila kitu kinanuka moshi. Nitarudi na kondomu hizi kwenye mfuko wangu, na kila tukilala pamoja itakuwa mpya. Tutakwenda kupima wote wawili, tukae benchi moja. Na majibu yakiwa mazuri bado mimba hapana, mpaka Hamisi akimbie mwenyewe na tumbo langu lipone. Hapo sirudi nyuma. Ukiona huwezi, sitakuja Kwihara. Nitashuka Tabora nipande basi la Nzega niende kwa mama yangu, na Kabula nitakuja kumchukua mchana watu wakiona. Sikutishi, Baba Kabula. Nataka kuwa hai niwalee hawa wawili, na nataka kuwalea na wewe.

Kwa Tatu na wazee, sema wewe. Ya chumbani usiyatoe, waambie tu ulikosea, mkeo hajaweka dawa yoyote. Ukikaa kimya watakaa kweli, na neno hilo likishanishika halitaniachia.

Nyuma ya nyumba ya mama kuna mlimau. Kama umenielewa, mpe Mama Doto malimau, hata machache, hatakuuliza ya nini. Na ni ya mikono tu, nisije nikasikia umeyapaka kwingine. Kama hujakubali, mwache arudi mikono mitupu, nami nitaelewa.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu, mwambie dawa ya mguu nitaileta. Wifi Tatu msalimie, simchukii. Masanja aliyekuazima baiskeli mshukuru. Kabula mwambie mama yake anamsuka kila siku kwa mawazo, asimruhusu mtu kumnyoa.

Treni ikirudi nitakuwa stesheni, Hamisi mgongoni. Nitatazama mfuko wa Mama Doto kabla sijamtazama usoni.

Mkeo mwenye mikono myeusi,
Mama Kabula