Kiti cha Kijani Kilimani

Framingham, 20 Machi 1988

Baba yangu mpenzi,

Hujambo? Kifua kinaendeleaje? Sisi hatujambo, tena hatujambo mpaka naona haya! Kila asubuhi Gerard ananifunga kamba za viatu kwa mikono yake, kisha ananibusu goti. Goti, Baba! Nani alijua ndoa ina mambo haya?

Sasa habari yenyewe: tutakimbia marathoni pamoja, kutoka Hopkinton mpaka Boston! Miaka yote nimekushikia bakuli la machungwa pale chini ya kilima cha mwisho, ukiwa kwenye kiti chako cha kijani ukiwagawia wakimbiaji. Safari hii nitakula mimi. Uwepo, Baba. Nikikuona pale, nitakipanda kilima hata kwa magoti.

Binti yako mwenye furaha,
Loretta

Newton, 27 Machi 1988

Mwanangu Loretta,

Salamu zimefika. Kifua kinakohoa, nami nakisikiliza tu. Mwambie mkwe wangu goti halipati nguvu kwa mabusu.

Sasa nisikilize. Hopkinton ni mteremko mtupu. Utajiona una mabawa, usiyaamini. Miguu inayoharakishwa kwenye mteremko ndiyo inayolia kilimani. Ukifika Wellesley, wasichana wa chuo watakupigia kelele. Cheka nao, mwendo usiongeze. Kisha mtashuka hadi mtoni, halafu daraja la juu ya barabara kuu, refu, na upepo. Ukimaliza daraja, upande wa kulia kuna hospitali. Wapungie mkono walio madirishani. Wagonjwa hupenda kupungiwa. Usisahau hilo.

Vaa kitambaa chekundu cha mama yako. Machungwa yatakuwepo.

Baba yako

Framingham, 11 Aprili 1988

Baba kipenzi,

U mzima? Simu yako inalia tu; najua, umeifunika mto tena! Nimekariri njia yote kama sala. Gerard ananitania: "Mke wangu, hata kitandani unapanda vilima!" Usicheke. Wiki ijayo, Jumatatu, kitambaa chekundu. Andaa chungwa kubwa.

Loretta wako

Framingham, 21 Aprili 1988

Baba,

Leo sikuulizi hali.

Nilikwenda polepole kama ulivyosema. Wazee walinipita Hopkinton, nami nikawaacha wapite. Kwenye daraja nilikuwa bado na nguvu, Gerard akinichekesha, na mimi namtazama yeye, namtazama yeye tu. Hospitali niliipita hivyo hivyo. Mkono sikuupunga.

Chini ya kilima kiti chako kilikuwepo, na bakuli juu yake. Mama Concetta, jirani yako, ndiye aliyekuwa akigawa machungwa.

"Baba yuko wapi?"

"Kwani hukuambiwa, mwanangu? Wiki tatu sasa yuko hospitali. Alinikataza nisiseme, usije ukaacha kukimbia. Kaomba kitanda cha dirishani, upande wa barabara."

Nikageuka. Gerard naye akageuka, bila kuuliza. Maili nne tulizirudi tukipita pembeni, watu wote wakija mbele yetu. "We dada, Boston iko huku!" "Umeacha jiko linawaka?" Mwingine akamwambia Gerard, "Kaka, mshike mkeo, kapotea!" Gerard akajibu, "Hajapotea. Anakwenda kwa baba yake." Nao wakatupisha.

Nilikuta kitanda kimeshatandikwa.

Muuguzi aliniambia ulikaa dirishani tangu asubuhi, mkono juu, ukimpungia kila mtu. Kitambaa chekundu kilipopita ukasema, "Ndiye yule. Anakwenda taratibu. Kanisikiliza." Halafu ukaomba ulazwe.

Baba, wewe umeniona. Mimi sikukuona.

Gerard amelimenya chungwa lako moja, tumegawana, na hatukuweza kulimaliza. Usiku ananishika mkono. Ungempenda zaidi sasa.

Kesho gari la maziko litapita njia ile ile. Nimemwomba dereva aende polepole. Barua hii nitaitia katika mfuko wa koti lako, na tukimaliza daraja nitashusha kioo, upande wa kulia, niwapungie walio madirishani.

Binti yako,
Loretta