Vidole Vitatu vya Mwashi

Jumanne, 4 Machi

Dozi ya tatu ya dawa ya saratani imeingia. Nimetapika kwenye korido, mbele za watu! Nimemwambia mume wangu: ya nne sirudi, bora uvimbe unimalize. Kanifuta viatu tu. Mwashi yule, maneno anayatoa kwa kipimo kama saruji.

Nesi kanishika mkono. Eti upande wa ndani, upana wa vidole vitatu kutoka mkunjo wa kifundo, katikati ya kano mbili, pakibonyezwa kichefuchefu hupungua. Vidonge vya kuzuia kutapika nisiache. Kubonyeza tu? Nilidhani ananibembeleza.

Alhamisi, 6 Machi

Mume wangu hakwenda saiti. Kaweka vidole vyake vitatu, kabonyeza kwa dole gumba. "Hapa?" Najuaje mimi! Kabonyeza mpaka mkono wake ukafa ganzi. Nimekunywa chai, na mkate nusu. Vimetulia tumboni.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshona mkanda — mpira wa kiunoni, ndani kifungo cha koti, palepale anapobonyeza. Kazi safi, mshono hauonekani. Nimekula wali! Sielewi. Ni kifungo, ni vidonge, au siku zimepita tu? Mume wangu anasema kifungo. Fundi wa matofali, anajua nini? Ila sikuuvua hata kuoga.

Jumatatu, 24 Machi

Kupima damu. Nesi kausifia mkanda, halafu kacheka: kifungo kiko mbali mno! Vidole vitatu ni vya mgonjwa mwenyewe, si vya mwenzake. Vya mwashi vitatu ni kama vyangu vitano. Jamani! Miaka ishirini nawafokea wanafunzi wangu wa cherehani: pima mwili wa mvaaji, usipime wako!

Basi muda wote nimebonyezwa pasipo na kitu. Na nikala. Nilikula kwa sababu gani sasa?

Nimehamisha kifungo. Mume wangu kaangalia vidole vyake. Nimemwonea huruma. Na hasira pia ninayo, sijui ya nani. Damu iko sawa, wamesema, kesho naweza kuchomwa ya nne. Niliapa sirudi. Naogopa kwenda, naogopa kubaki.

Jumanne, 25 Machi

Nimekuja. Dripu iko mkono wa kushoto. Mkanda uko wa kulia, kifungo mahali pake, kwa vipimo vyangu. Kichefuchefu kimekuja vilevile! Nesi anasema nivumilie, niendelee kubonyeza. Nimebonyeza. Sijui kama kinapungua au najidanganya.

Mume wangu kakaa na mikono mapajani, kama mtu aliyevunja chombo cha watu. Hanigusi. "Nitakosea tena," kasema.

Nimevua mkanda. Nimechukua vidole vyake, nikaviweka pale pa zamani, pa makosa.

"Si hapa, mke wangu."

Nimemwambia abonyeze tu. Kabonyeza, mkono huuhuu ninaoandikia, ndiyo maana mwandiko unacheza. Kichefuchefu bado kipo. Chupa ya dripu imefika nusu. Nimemwambia asiuachie mkono wangu —