Kibuyu cha Togwa

Mjukuu wangu Neema,

Huku Mishamo hatujambo, mama yako anavuna maharage. Umeniuliza, katika kazi yako ya matangazo, utangaze nini ili wafanyabiashara wahamie huku kwetu Mpanda. Swali hilo limenitia hofu. Wakija wengi, shamba letu litapona?

Tulipofika hapa kutoka Burundi nilikuwa msichana, na simba walinguruma karibu. Mama mmoja wa Kibende, mwenyeji, akatuletea kibuyu cha togwa. Kiu ilitubana, lakini tuliogopa sumu. Akanywa yeye kwanza, ndipo akatupatia sisi. Kisha akarudi nyuma haraka, akasimama mbali nasi. Leo ndiyo naelewa kwamba naye alituogopa.

Sasa wewe unawaita watu waje kuishi huku, na mwenyewe umepanga chumba Dar. Wataogopa, mjukuu wangu. Njoo unywe kwanza.

Bibi yako,
Domitila