Beseni Juu ya Kipimamvua

Heru Juu, Kasulu

Mama Neema mpenzi,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi. Koti ulilonifungia silivui. Mdogo wangu Yohana hupima mvua uani kwake na kutuma kipimo kwa simu kwa watabiri, ambao huwaonya watu wa bondeni mto unapokaribia kujaa. Jana ilinyesha mvua kubwa tukiwa kanisani. Tuliporudi, tulikuta mama mkwe wake amekifunika kipimamvua kwa beseni.

"Mama," Yohana alisema kwa upole, maana mkwe hakaripiwi, "chombo hiki kimewekwa ili kinyeshewe."

"Mali ya Serikali inyeshewe mimi nikitazama? Mngesema bibi huyu hana akili!"

Tulicheka. Kisha mkewe akasema, "Tuma sifuri basi. Si kikavu?"

"Sifuri ni kusema haikunyesha. Na bondeni kuna jua, wameanika maharage kando ya mto."

Akatuma ujumbe kwamba mvua ilikuwa kubwa, lakini haikupimwa. Hakukisia. Halafu akawapigia simu watu wa bondeni yeye mwenyewe. Tulikula ugali wa muhogo. Jioni walipiga: maharage yamo ndani, na pale yalipoanikwa pamejaa maji.

Nimefurahi kumwona mtu akikiri asichokijua, tena mapema kiasi cha kuwafaa wengine.

Uwe na afya njema, wewe na wajukuu, wala usile chakula kilichopoa kwa sababu tu mimi sipo.

Mumeo,
Baba Neema