Nilimwita Mfanyakazi

Jumanne, 14 Oktoba, saa tatu asubuhi

Mbithe,

Maharagwe yako motoni, ukitoka soko ya Kabati uongeze maji. Mbuzi hawajanywa. Mtoto yuko kwa Mama Kyule.

Bwana yako amebebwa na watu wa vibali vya kazi. Walitukuta tukichimba mitaro ya shamba, Nestor ameshika jembe. Wakauliza, "Mzee, huyu ni nani?" Unajua Kiswahili changu kiliishia darasa la nne. Nikataka kumsifu vile mkwe husifiwa mbele ya wageni. Nikasema, "Huyu ni mfanyakazi wangu, Migwani yote hakuna kama yeye." Nilimaanisha ni mchapa kazi! Yule mfupi akaandika haraka, akacheka.

Ati kibali chake kilikuwa cha gereji, na vile aliacha gereji, hawezi kushika kazi yoyote mpaka kile cha duka la mbao kitoke. Miezi saba wamekikalia! Kutoa karatasi hawajui, kukamata mtu wanajua. Wanasema watamrudisha Burundi. Mama yako angekuwa hai angenifunga mdomo mapema.

Naenda Kitui kwa ofisi yao na cheti chenu cha ndoa, nimekitoa ndani ya Biblia. ~~Nitarudi naye jioni.~~ Nitarudi jioni. Usilie mbele ya mtoto.

Wewe uliyesoma, nipigie kabla sijaingia kwa hiyo ofisi: mkwe akimlimia baba mkwe bila malipo, kwa Kiswahili cha serikali anaitwa nani?

Baba